Simu ya Macho Matatu

Simu yangu ya kwanza ya kugusa kioo niliitumia miaka saba, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeishika nikiwa sipo. Mgongo wake ulifunguka kwa ukucha. Ndani kulikuwa na betri, na betri ilitoka. Hapa Kasongo umeme wa kutegemea hatuna, kwa hiyo wengi wetu tunachaji kwa watu wenye pano, yale mabamba ya jua yanayolazwa juu ya mabati. Kila asubuhi nikienda sokoni kuuza mchele nilipita kwa mzee mmoja mwenye pano nne, nikamwachia betri peke yake. Simu ilibaki kwangu, imezimika, lakini iko kwangu. Jioni nilirudi kuchukua betri. Mzee yule ni mtu wa swala tano, sina neno naye. Ila kwake wanakaa watu wengi wakisubiri, na mtu anayesubiri mikono yake hutafuta kazi.

Sikuwa mtu wa kukataa vitu vipya. Nilikuwa mtu wa kuvitazama. Wenzangu sokoni walipobadilisha simu niliomba kuzishika, nikazigeuza huku na huku, na kila mara niliona kuna kitu kimeondolewa. Kwanza viliondoka vibonye vya chini ya kioo. Halafu kikaondoka kitundu cha waya wa masikio, na kitundu kile kwetu si cha muziki tu: ule waya ndio unaoshika mawimbi ya redio ya hapa mjini, redio inayotangaza nani amefariki na daraja gani limevunjika. Halafu ukaondoka mfuniko wa nyuma. Mgongo ukagandishwa kwa gundi, betri ikafungiwa ndani.

Nilimuuliza fundi wa simu wa sokoni, kijana mwenye meza karibu na wauza chumvi.

"Juu ya nini wameifunga?"

"Juu maji isiingie, mama."

"Na hii yangu, maji imeingia lini?"

Akacheka, akaendelea kupuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

Marehemu baba yangu aliuza vitambaa. Alikuwa hanunui jora mpaka alikunjue lote juu ya mkeka, kwa sababu, alisema, muuzaji huweka kipande kizuri juu na kilichoungua katikati. Wenzake walimwona msumbufu. Mimi nilirithi usumbufu ule mzima, na nikauongeza wangu.

Binti yangu ameolewa Kindu, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Si mtu wa kupiga simu. Ni mtu wa kurekodi sauti na kuituma, akiwa anapika, akiwa anatembea, nusu ananiambia mimi na nusu anagombana na mume wake. Nilikuwa nazisikiliza sokoni, simu nimeibana sikioni. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtoto anapiga teke upande wa kushoto, na kwamba samaki sasa wanamtapisha.

Siku moja ikatokea ilani kwenye kioo, kwa Kifaransa, kwamba baada ya tarehe fulani ile programu ya ujumbe haitafanya kazi tena kwenye simu hii. Niliisoma mara tatu. Simu haikuanguka, haikulowa. Mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, alikuwa ameipangia siku yake. Nikaenda kwa fundi. Aliipima, akanirudishia.

"Simu yako iko nzima, mama. Ni wao ndiyo wanafunga mulango."

"Wao ni nani?"

Akainua kidevu kuelekea mnara wa mtandao, kana kwamba wanaishi juu pale. Halafu, bila kuvuta pumzi, akafungua droo kunionyesha simu anazouza. Nilimtazama yeye, nikatazama droo, nikaenda zangu. Niliamini kabisa kwamba yeye na wale wa juu ya mnara wanajuana.

Tarehe ikafika. Sauti ya binti yangu ikakatika. Nilimpigia mara mbili tatu, mtandao ukawa unameza maneno, tukawa tunasema "alo, alo" mpaka unite za kupigia zinaisha. Wiki tatu zikapita hivyo, na mimi nikiwa bado nasema sinunui.

Mdogo wangu wa kiume, baba mmoja mama mmoja, huchukua vitenge na sabuni na kwenda kuviuza Salamabila kwa wachimba dhahabu. Hurudi kila baada ya miezi miwili hivi. Ijumaa moja baada ya swala aliingia uani kwangu na mfuko mweusi wa plastiki.

"Yaya," akaniita, yaani dada mkubwa, "fumba macho."

"Sifumbi. Weka hapa."

Akatoa katoni, na ndani ya katoni simu imevikwa plastiki, nyembamba, ya bluu inayogeuka zambarau ukiinamisha. Nyuma ilikuwa na macho matatu ya kupigia picha, yamepangwa kama mafiga. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu mpaka nikaona huruma. Lakini mkono wangu ulishaanza kazi. Nilifungua kamera, nikaziba jicho la kwanza kwa kidole gumba. Picha haikubadilika. Nikaziba la pili. Haikubadilika. Nilipoziba la tatu ndipo kioo kikawa giza.

"Mawili hayaoni," nikasema.

"Nini?"

"Haya macho mawili ni vioo tu. Ni pambo."

"Yaya, hata lile moja linapiga picha muzuri."

Nikaenda kuchukua sindano ya kushonea. Nikachokoa nayo pole pole ndani ya kitundu cha kuchajia, na sindano ikatoka na udongo. Udongo mwekundu, laini, ulioganda. Nikauweka juu ya kiganja, nikamsogezea.

"Kitu kipya kimepita wapi na matope?"

"Weye uko dada ao uko polisi?"

"Uliinunua kwa nani?"

"Kwa muchuruzi, muuzaji tu."

"Muchuruzi gani?"

"Wa simu! Wa Salamabila!" Akasimama, akapangusa kanzu yake. "Mutu anakuletea zawadi, unamuuliza jina la muchuruzi." Akatoka bila kunywa chai.

Ningekuwa mtu wa msimamo ningeirudisha jioni ile. Niliweka kadi zangu ndani, ya laini na ya picha, nikanunua mega za intaneti. Zikaingia sauti kumi na tatu za binti yangu, moja juu ya nyingine. Kwenye ya nne alikuwa anauliza kama nimemkasirikia. Kwenye ya kumi na moja alikuwa analia. Nilimjibu palepale, nikiwa nimeshika simu ambayo sikuiamini hata kidogo, na sikuiweka chini mpaka naye akanijibu.

Tangu siku ile mwendo wangu wa kuchaji ukabadilika. Betri haitoki, kwa hiyo kuiacha ingekuwa kuacha kila kitu: sauti za mwanangu, majina, picha za marehemu mume wangu. Nikawa nakaa kwa mzee wa pano mpaka ijae, kwenye benchi, pamoja na wale wanaosubiri. Mchele nikauanza saa tano badala ya saa moja. Wateja wangu wawili wakahamia kwa mwingine. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hiyo nayo ni bei ya simu.

Siku ya pili tu, saa kumi alasiri, nikiwa napima mchele, simu ikaanza kupiga mlio nisioujua, kama likembe, kile kinanda cha vidole gumba. Kwenye kioo pakaandikwa: *Dawa ya mama*.

Mwenzangu wa meza ya pili akauliza, "Unaumwa?"

"Siumwi," nikasema, nikaizima.

Kesho yake, saa kumi, ikapiga tena. *Dawa ya mama*. Na keshokutwa.

Nilijua sasa kwamba simu ina mwenyewe. Na mwenyewe ana mama, mama anakunywa dawa. Mtu wa namna hiyo hauzi simu, nikawaza. Simu ya namna hiyo inachukuliwa. Na udongo ule mwekundu ndani ya kitundu nao ukaanza kunisumbua. Kule Salamabila watu wanaingia ardhini kwa kamba. Mashimo huporomoka. Mawazoni nilimwona kijana ametolewa nje, amelazwa juu ya turubai, na mkono wa mtu unaingia mfukoni mwake. Nilimwona kila siku saa kumi. Ningeweza kuiondoa ile kengele, ni kitu cha kugusa mara mbili, na sikuthubutu, kama vile ningekuwa namnyima yule mama dawa.

Nikampigia mdogo wangu, aliyekuwa amesharudi Salamabila.

"Simu hii ilikuwa ya nani?"

Nikasikia pikipiki zinapita upande wake.

"Futa tu ile kengele, yaya," akasema.

"Sikukuambia kuna kengele."

Laini ikakatika. Labda ilikuwa mtandao. Mimi nilisema si mtandao.

Aliporudi Kasongo sikwenda kwake. Alikuja kunisalimia, nikamjibu nikiwa napepeta mchele. Mke wake akaleta sahani ya pondu, yale majani ya muhogo, nikaipokea, nikaipeleka kwa jirani. Sikumwambia mtu sababu. Nilitaka kwanza kujua, kisha niseme. Lakini moyoni nilishasema zamani: mdogo wangu amenunua kitu cha maiti akijua.

Nikaikunjua simu ile kama baba alivyokunjua jora. Picha zilikuwa zimefutwa, majina yamefutwa. Nikaingia kila mahali, hata mahali nisipoelewa pana kazi gani. Mwisho, kwenye kinasa sauti, nikakuta rekodi moja ya simu iliyopokelewa, ya kama dakika mbili. Mwanamke mzee anasema Kibangubangu. Mama yangu alitoka upande wa Kabambare, penye lugha hiyo, kwa hiyo nilimwelewa. Anasema mbuzi wa jirani ameingia tena ndani. Anasema vidonge ni vikubwa kama punje za mahindi na havitaki kushuka kooni. Katikati anamgombeza mteja kwa ukali kwamba asishike chupa ya mafuta kwa vidole vichafu. Halafu anarudi kwenye simu, sauti imelainika, anasema: usinitumie kitu, njoo mwenyewe. Nyuma yake pikipiki zinanguruma, nyingi.

Nilisikiliza mara nne. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto wa mjomba wangu anaoa Kabambare mwezi ule, na nilikuwa nimeshatuma udhuru. Nikaufuta udhuru.

Safari ya Kabambare kwa pikipiki ni siku nzima, na mvua ilikuwa imefanya barabara kuwa uji. Kwenye madaraja ya magogo niliteremka nikatembea nyuma ya dereva, simu imefungwa plastiki tatu. Usiniulize kwa nini niliihofia maji, ile ile niliyoichukia. Nilifika nina matope hadi kwenye mtandio. Baada ya harusi nikamwita mke wa mjomba kando, nikamwekea ile sauti. Hakuiacha ifike nusu.

"Huyu ni mama wa mawese, wa pale pikipiki zinaposimama. Hakuna mutu mwingine anagombeza wateja hivi."

"Ana mtoto Salamabila?"

"Alikuwa na binti kule, anapikia wachimbaji. Sijue kama alirudi."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda nikiwa nimepanga maneno yangu ya pole, kwa Kibangubangu, maana niliona habari mbaya isitoke kwa lugha ya sokoni. Nikakuta meza yenye chupa za mafuta mekundu, na hakuna mtu nyuma yake. Nikabisha hodi. Akatoka mwanamke wa miaka kama thelathini, mikono imejaa povu la sabuni. Nilitoa simu kabla ya salamu kuisha. Alipoiona uso wake ukajikunja.

"Mama," akasema, "kitu kikishauzwa hakirudi. Nilimuambia yule baba, ina alama hapa pembeni, macho mawili hayafanyi kazi. Nilimuonyesha yote."

"Sikuja kurudisha."

"Basi umekuja na nini? Na nani alikuonyesha kwetu?"

Alikuwa ananitazama vile vile nilivyowatazama watu maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza nilijua jinsi inavyoumiza. Nikaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nikamweleza: kengele ya saa kumi, udongo, ile rekodi. Nikamwambia nilidhani simu ni ya mtu aliyefukiwa shimoni. Aliposikia hivyo akapangusa mikono, akaketi naye.

"Ni yangu. Niliiuza mwenyewe," akasema. "Ile kengele ilikuwa ya kunikumbusha nimupigie mama, akunywe dawa. Halafu nikaona kupiga tu haitoshi, anasema amekunywa na hajakunywa. Nikauza simu, nikauza masufuria, nikarudi. Sasa mimi mwenyewe ndiyo niko kengele yake."

"Ulimuuzia muchuruzi yupi?"

"Muchuruzi gani? Nilimuuzia mwanaume mumoja wa vitenge, mutu wa Kasongo. Aliniuliza mara mbili kama ni yangu kweli. Akataka nifungue nimuonyeshe picha zangu mule, uso wangu na uso wa mama, ndiyo nifute mbele yake. Nikamuambia, baba, unaogopa nini? Akasema ni ya dada yake, na dada yake anauliza maulizo mengi."

"Na katoni?"

"Haikuwa na katoni. Nilimupa mukononi."

Nikaigeuza simu mkononi mwangu. Aliona, akadhani siamini, akaingia ndani akatoka na simu yake ya sasa kunithibitishia kwamba ile aliiuza kweli: kadogo, ka vibonye, kana tochi. Akaifungua mgongo kwa ukucha, akanionyesha betri.

"Ile ingine, kule machimbo, nilikuwa naiacha kwa watu wa pano muchana wote, roho yangu inabaki nayo. Hii napeleka betri tu."

Nilicheka mpaka akashangaa.

Wakati ule mama mwenyewe akatoka, mfupi, amejifunga kitenge kifuani, anauliza kwa nini watu wanachekea mlangoni na mafuta hayana mwangalizi. Binti akamwekea rekodi. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, na ilipoisha akasema hiyo si sauti yake, yeye hagombezi watu namna ile. Palepale mtu akaja akashika chupa mezani, na mzee akamgeukia. Sisi wawili tukatazama chini.

Kabla sijaondoka yule binti alichukua simu, akaitoa kengele mwenyewe, kwa vidole vinavyojua njia. Nikamuuliza kuhusu ile sauti, niifute? Simu yake ndogo isingeweza kuipokea.

"Kaa nayo," akasema baada ya kufikiri. "Siku moja nitakuomba."

Alikuwa hajanijua hata nusu siku.

Kasongo sikupitia nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu na matope yangu. Alikuwa anahesabu sabuni. Nikaketi, nikamwambia mke wake nina njaa, na mke wake, Mungu ambariki, hakuuliza kitu, akapakua. Nilikula nusu ya sahani kabla ya kusema.

"Nimetoka Kabambare, kwa yule binti aliyekuuzia simu."

Mdogo wangu akaweka sabuni chini.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ungeikubali, ya mutu mwingine, bila katoni?"

"Ningeuliza."

"Ungeuliza mpaka mutoto anazaliwa na haujamusikia. Mara ya kwanza ile kengele inalia nilikuwa njiani nayo, nikajua umeshanikamata. Nikasahau kuifuta. Na mupya sikuweza, yaya. Nilitaka, sikuweza."

"Nilidhani umenunua kwa maiti."

Hilo lilimuumiza. Niliona. Akachezea uzi wa katoni ya sabuni.

"Mimi?" akasema mwishowe.

"Weye. Unisamehe."

Hakusema amesamehe. Alimwita mke wake aniongezee pondu, na mimi nikala.

"Ile katoni uliitoa wapi?" nikauliza baadaye.

"Kwa fundi wa sokoni. Na ile plastiki vilevile. Aliipanguza mwenyewe."

"Nilijua!" nikasema. "Nilijua yule fundi yuko na kitu!" Na hapo ndipo mdogo wangu alipocheka, ingawa si sana.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kike. Sauti ilinifikia asubuhi, nikaisikilizia uani pamoja na mdogo wangu, vichwa viwili vimeinamia simu moja: kwanza mume wake anasema haraka haraka, halafu kilio chembamba, halafu binti yangu amechoka, anauliza, "Mama, umemsikia?" Mdogo wangu akaomba turudie. Tukarudia.

Simu bado ninayo. Siku hizi imeanza kuniambia kwamba nafasi imejaa, nifute kitu. Nimefuta picha za harusi, nimefuta mafunzo ya upishi ambayo sikuyaomba. Inasema bado haitoshi. Binti yangu anasema ndivyo zinavyokuwa, ni wakati wa kununua nyingine yenye nafasi zaidi, na mdogo wangu amesema atatazama huko Salamabila, safari hii bila katoni. Nimemwambia asubiri kidogo. Nataka kwanza kujua nafasi ile imejazwa na nini, kwa sababu mimi sijaweka vitu vingi hivyo.